Kitabu kimoja, majibu mawili: utatuzi wa matatizo ya kusoma vitabu vya kanuni za michezo ya kuigiza mezani

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya Kigoma vinavyocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani. Mmoja ni msimulizi, kila mwingine ana mhusika wake, na dadu zinaamua pale penye shaka. Kikundi kikiwa na bahati kina kitabu kimoja kilichotolewa kopi steshenari pale Mwanga, waliobaki wana pdf kwenye simu. Iwe Ujiji, Gungu au Bangwe, malalamiko ni yaleyale: tumesoma wote, lakini kila mtu kasoma lake.

Sisi michezo tumezoea kuijifunza kwa macho. Bao unalijua kwa kukaa pembeni ya wazee, drafti kwa kufungwa hadi uchoke. Kijiwe hiki kete inaruhusiwa kula kwenda nyuma, kijiwe kile hairuhusiwi, na mgeni anauliza kabla ya kuanza, basi. Kitabu cha kurasa 300 hakiulizwi, kinasomwa, na hiyo ni kazi yenye ufundi wake. Ninaloliona kila mara ni hili: watu hawatofautishi sentensi. Vitabu hivi vinazungumza kwa sauti tatu. Ipo kanuni yenyewe (rusha hivi, jumlisha hivi). Upo ushauri kwa msimulizi. Na lipo simulizi la kutia ladha, kama vile joka fulani hupenda dhahabu kuliko watoto wake. Anayesoma simulizi kama kanuni, au kanuni kama ushauri, atabishana mpaka usiku na hatakuwa amesoma vibaya hata neno moja.

Kwa hiyo kila tatizo hapa chini nimelipanga kwa dalili, na sababu zinaanza na ile inayotokea zaidi. Anza na ukaguzi mwepesi. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

Dalili: wawili wamesoma kanuni ileile, kila mmoja ana jibu lake

*Sababu ya kwanza ni toleo.* Hii inaongoza kwa mbali, na kuikagua ni dakika moja. Dungeons & Dragons ni mmoja wa michezo hii, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 1974. Toleo lake la tano lilitoka 2014, na mwaka 2024 vitabu vikuu vikaandikwa upya, majina ya jaladani yakabaki yaleyale. Mmoja kapakua hiki, mwingine katumiwa kile, na wote wanaapa wanasoma "kitabu cha mchezaji".

Tofauti si ndogo. Chukua dawa ya kuponya. Kwa kitabu cha 2014, kuinywa kunakula tendo lako zima la zamu, kwa hiyo ukinywa hupigi. Kwa kitabu cha 2024 kunatumia tendo la ziada tu, unakunywa na bado unapiga. Chukua kushtukizwa. 2014, aliyeshtukizwa anakaa bure zamu yake ya kwanza. 2024, anacheza, ila anaporusha dadu ya kuamua nani aanze anarusha mbili na kuchukua ndogo. Hata uchovu umebadilika: zamani ulikuwa jedwali la hatua 6, kila hatua na adhabu yake, sasa kila hatua inapunguza 2 kwenye kila jaribio la dadu ya pande 20. Kikundi chenye vitabu viwili tofauti kitagombana kila kikao na wote watakuwa sahihi.

Dawa: fungua kurasa za mwanzo, tafuta mwaka wa hakimiliki. Ikitofautiana, chagueni toleo moja kwa safari nzima, muandike kwenye kundi la WhatsApp, na asiyekuwa nalo atumiwe au asome kwa mwenzake. Msichanganye kwa kuchukua vinavyopendeza huku na huku. Hilo linawezekana kwa watu walioujua mchezo vizuri, kwa wanaoanza linazaa vurugu.

*Sababu ya pili ni simu.* Vitabu vingi vya aina hii vimechapwa kwa safu mbili kila ukurasa, na pembeni vinawekwa visanduku vya maelezo. Kwenye kioo cha simu unavuta safu moja, unasoma mpaka chini, unateleza ukurasa unaofuata, kumbe kanuni iliendelea juu ya safu ya kulia. Nimeona mabishano marefu yakiisha kwa mtu kusogeza kidole sentimita chache tu. Sentensi iliyopotea huwa ndiyo yenye "isipokuwa". Upande mwingine, kisanduku cha pembeni kinasomwa kana kwamba ni aya inayofuata, wakati mara nyingi ndani yake mna ushauri au kanuni ya hiari. Kabla ya kubishana, punguza ukubwa mpaka ukurasa mzima uonekane. Angalia kanuni inaanzia wapi, inaishia wapi, na iko chini ya kichwa gani.

*Sababu ya tatu ni kanuni ya jumla kukutana na kanuni mahsusi.* Hapa wote wawili wamesoma vizuri. Mmoja anasema: ukitoka kwenye ufikio wa adui, adui ana haki ya kukupiga pigo la fursa. Kweli, imeandikwa. Wa pili anasema: mhusika wangu ametumia tendo la kujichomoa, hapigwi. Kweli pia. Dungeons & Dragons yenyewe inatoa jibu mwanzoni kabisa mwa kitabu, kwenye kurasa ambazo watu wanaruka: kanuni mahsusi inaishinda ya jumla. Swali la kuuliza mezani ni ipi kati ya hizi mbili inazungumzia jambo dogo zaidi. Hiyo ndiyo inayofuatwa. Ukilizoea swali hili, nusu ya mabishano yanakufa yenyewe.

*Sababu ya nne ni neno moja lenye kazi mbili.* Mfano unaosumbua wengi ni neno la Kiingereza "level", linalotumika kwa ngazi ya mhusika na pia kwa daraja la uchawi. Mchawi mpya anaona uchawi wa mpira wa moto ni wa tatu, naye amefika ngazi ya tatu, anaushika. Kumbe uchawi wa daraja la tatu mchawi anaupata akifika ngazi ya tano. Mpira ule unarusha dadu 8 za pande 6. Ukiachiwa mikononi mwa mhusika wa ngazi ya tatu, kila adui uliyemwandaa anageuka majivu kabla hajasema kitu. Dawa ni kukubaliana maneno mawili ya Kiswahili na kuyashikilia: mhusika ana ngazi, uchawi una daraja. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Fanyeni hivyo pia kwa "anaweza" na "lazima", kwa "na" na "au". Anayetafsiri papo hapo huku anasoma huwa anavibadilisha bila kujua, na kama mezani kuna mwenye nakala ya Kifaransa, msomeane kwa sauti kabla ya kukata shauri.

*Ya mwisho, na ni nadra kuliko watu wanavyodhani: sentensi yenyewe ina utata.* Waandishi nao ni watu. Wachapishaji wakubwa hutoa masahihisho na ufafanuzi baada ya kitabu kutoka.

SIMAMA. Mkishakagua yote hayo na bado tafsiri mbili zinasimama, kusoma tena mara ya kumi hakutaongeza kitu. Msimulizi aamue kwa leo, iandikwe, mchezo uendelee. Siku yenye bando, mtu mmoja atafute masahihisho rasmi ya mchapishaji. Huyo ndiye fundi wa tatizo hili. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kukueleza sentensi imejengwaje, na ni msaada mkubwa, lakini hawezi kukuambia mtunzi alikusudia nini mezani. Na mtu wa kwenye video anayesema kwa kujiamini ni msomaji kama wewe.

Dalili: kitabu kinataja kitu ambacho humo hakimo

Unaambiwa "tazama sura fulani", sura haipo. Au mwenzako ana aina za wahusika ambazo kwako hazionekani.

Mara nyingi ulichonacho si kitabu kamili. Januari 2023 wenye Dungeons & Dragons waliweka muhtasari wa kanuni zao, ule unaoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Ni hati ya bure, ya kurasa zipatazo 400, na watu wengi wanaipakua wakidhani ndiyo kitabu. Kanuni za kucheza zimo. Vilivyopunguzwa ni vya kuchagua: asili za mhusika (yaani maisha yake kabla ya hadithi kuanza) imo moja tu, na vipaji maalumu kimo kimoja. Kwa kikundi kinachoanza inatosha kabisa, na ina faida ambayo naona haijatumiwa ipasavyo: leseni ile inakuruhusu kuitoa kopi, kuikata vipande, hata kuitafsiri kwa Kiswahili na kuigawa, mradi uwataje wenyewe kama leseni inavyoelekeza. Mwenye steshenari hana haja ya kuogopa. Mwaka 2025 ikatoka nyingine, 5.2, inayofuata kanuni za 2024. Hapo urudi kwenye suala la toleo.

Sababu ya pili ni kopi. Ukibana kurasa mbili kwenye karatasi moja ili kuokoa hela, nyota ndogo za tanbihi chini ya majedwali zinafutika. Jedwali likionekana linajipinga, tafuta pdf yake ulilinganishe. Majedwali yatolewe kopi kwa ukubwa kamili; kubana ubane maelezo.

Dalili: dadu imetoa 20 na meza imelipuka

Imani iliyoenea ni kwamba 20 ni ushindi popote pale. Tuseme wahusika wako kwenye meli ya kubuni inayovuka ziwa usiku, mchezaji anataka kumshawishi nahodha awaachie meli na mzigo wake wote. Anarusha. Ishirini! Kelele, watu wanagongeana mikono. Msimulizi anasema nahodha amecheka sana, amewapenda, amewaletea chai, lakini meli hatoi. Mchezaji anaona ameonewa, na wenzake wako upande wake.

Fungueni kitabu. Usitafute namba, tafuta kichwa cha habari kilicho juu ya hiyo namba, kwa sababu kichwa ni sehemu ya kanuni. Chini ya mashambulizi, 20 inapiga hata adui awe na kinga kiasi gani, na dadu za madhara zinarushwa mara mbili (dadu tu, nyongeza haizidishwi). Chini ya kuokoka kifo, kwa mhusika aliyefikia sifuri, 20 inamrudishia pointi 1 ya uhai na anafumbua macho. Humohumo 1 inahesabiwa kufeli mara mbili, 10 kwenda juu ni kufaulu, tatu za kufaulu anatulia, tatu za kufeli amekufa. Chini ya majaribio ya uwezo, yaani kushawishi, kupanda, kufungua kufuli, hakuna ahadi yoyote juu ya 20. Ni 20 jumlisha nyongeza yako, ilinganishwe na ugumu uliowekwa. Ndivyo ilivyo kwa 2014 na ndivyo ilivyo kwa 2024.

Kwa hiyo msimulizi alisoma sawa. Lakini hapohapo ndipo alipokosea jambo la pili ambalo naliona ni kubwa zaidi. Kitabu kinasema dadu zinaitwa pale ambapo matokeo hayajulikani. Kama nahodha hatoi meli kwa namna yoyote, dadu ziliitwa za nini? Ukishamwambia mchezaji arushe, umemwambia inawezekana. Dawa: kabla ya kusema "rusha", sema kinachoweza kupatikana. "Nahodha hawezi kukupa meli, ila ukifanikiwa sana anaweza kuwashusha kabla ya bandari bila kuwaandika." Mchezaji akikubali, arushe. Ugomvi wa aina hii karibu wote unaisha kwa sentensi hiyo moja inayosemwa kabla.

Dalili: kanuni inatoa matokeo yasiyoingia akilini

Kagua hesabu kwanza. Katika Dungeons & Dragons, ukigawanya ukapata sehemu, unashusha, hata kama ni nusu au zaidi. Na faida hazilimbikizwi: uwe na sababu tatu za kupata faida, bado unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Ikija hasara moja tu (kinyume cha faida, dadu mbili na kuchukua ndogo), inazifuta zote na unarudi kwenye dadu moja. Watu wanaorusha dadu nne kwa sababu wana "faida tatu" wanashangaa kwa nini hawakosi. Dadu mbili pekee tayari zinakutoa kwenye asilimia 50 ya kupata 11 au zaidi na kukufikisha 75.

Hesabu ikiwa sawa, basi pengine mtu anasoma kanuni kama sheria ya maumbile. Huu mfano unazunguka duniani kwa sura nyingi, tuuweke Kibirizi. Raundi moja ya mapigano ni sekunde 6. Mchezaji anapanga wapakiaji 1,000 kwenye mstari ufukweni, kila mmoja amejiandaa: nikipokea mkuki, nampa wa pili. Kila mmoja anachukua futi 5 za nafasi, mstari wote ni kama kilomita moja na nusu. Kwa herufi ya kanuni, kila mtu ana haki ya kupokea na kupitisha ndani ya raundi ileile, kwa hiyo mkuki umekwenda kilomita moja na nusu kwa sekunde 6. Mpaka hapo hajavunja chochote. Sasa anasema: kwa kasi hiyo, ukimpata adui unampasua.

Hapo angalia kwa makini alichofanya. Nusu ya kwanza alishika kitabu na kusahau dunia. Nusu ya pili kashika dunia na kusahau kitabu. Kitabu hakina kanuni ya kasi ya mkuki. Kina kanuni ya mkuki uliorushwa, nayo ni dadu moja ya pande 6 jumlisha nyongeza. Chagua kimoja ukifuate mpaka mwisho. Ukifuata kitabu, umeharibu jioni ya wapakiaji 1,000 ili upige pigo la kawaida. Ukifuata dunia, mkuki hautapita mikono 1,000 kwa sekunde 6. Kitabu cha msimulizi cha 2024 kimeliandika hili waziwazi, kwamba kanuni za mchezo si fizikia. Msomeeni kwa upole. Anayebuni mambo haya huwa ni mchezaji mwenye akili na anayependa mchezo, na kumdhalilisha ni hasara kwenu.

Sababu ya tatu ni simulizi lililosomwa kama kanuni. Maelezo ya kiumbe yanasema "hakuna aliyewahi kumtoroka". Hiyo ni ladha. Kama kasi yake ya mwendo iliyoandikwa kwenye takwimu ni ndogo kuliko yenu, kimbieni.

Inabaki kanuni mbovu yenyewe, na zipo. Ibadilisheni, lakini iwe mwanzoni mwa kikao, wote wakiwepo, wala si katikati ya pambano ambalo mtu fulani yuko karibu kufa.

Dalili: mchezo mpya hauna utamu, ingawa tumefuata kila kitu

Hii inanigusa zaidi, maana watu wanatupa mchezo mzuri kwa sababu waliusoma kwa macho ya mchezo mwingine.

Apocalypse World ya D. Vincent Baker, ya mwaka 2010, inatumia dadu mbili za pande 6 za kawaida, zile za ludo. Unajumlisha na sifa yako. Kumi kwenda juu umefanikiwa vizuri. Saba hadi 9 umefanikiwa, ila kwa gharama au kwa upungufu. Sita kushuka, msimulizi anapata nafasi yake. Kikundi kilichotoka Dungeons & Dragons kinasoma hivi: 10 nimepata, 7 hadi 9 nimekosa kidogo, 6 hakuna kitu. Wanacheza, hakuna kinachotokea, wanasema mchezo umelala.

Piga hesabu uone kwa nini. Dadu mbili zina matokeo 36. Bila nyongeza, 10 kwenda juu ni 6 kati ya hayo. Saba hadi 9 ni 15. Sita kushuka ni 15 pia. Ukifuta zile 15 za mwisho kwa "hakuna kitu" na ukazifanya zile za kati kuwa nusu-kukosa, umebakiwa na mara 6 tu kati ya 36 ambapo hadithi inasogea. Kitabu kinataka isogee mara zote 36. Saba hadi 9 maana yake umepata ulichotaka na kuna bili. Sita maana yake dunia inajibu, na inajibu kwa ukali msimulizi anaotaka: mlango unafunguliwa na mwenye nyumba, mshirika anabadili upande, mafuta yanaisha katikati ya ziwa.

Sababu ya ndani zaidi ni ile niliyoanza nayo, sauti. Sura ya msimulizi katika kitabu kile ina orodha ya malengo na misingi yake. Aliyezoea vitabu ambavyo sura kama hiyo ni mawaidha anairuka. Katika mchezo huu ni kanuni, kwa uzito uleule wa dadu. Imeelekeza msimulizi afanye nini anapopata nafasi. Ukiiruka umecheza nusu ya mchezo. Blades in the Dark ya John Harper (2017) ina mtego huohuo: unarusha dadu kadhaa za pande 6, unaangalia kubwa kuliko zote, na 4 au 5 ni mafanikio yenye matokeo mabaya pembeni. Anayezisoma kama kufeli anawanyima wachezaji walichoshinda.

Dawa: chagua sura ya msimulizi, isome kwa sauti mbele ya wote, kila sentensi muulize: hii inaniambia nifanye nini, au inaniambia mchezo ukoje? Zile za "fanya" ziandike kwenye karatasi moja uiweke mbele yako.

Dalili: kila dakika mtu anafungua kitabu, mchezo unasimama

Kisa kikuu ni kusoma kitabu hiki kama riwaya, jalada hadi jalada, kisha kutegemea kumbukumbu. Mpangilio unaofaa zaidi ni kuanza na mfano wa mchezo kama upo, halafu kanuni kuu ya dadu, halafu karatasi ya mhusika ukiwa na kalamu, halafu kile tu kinachomhusu mhusika wako. Orodha za uchawi na viumbe ni za kutazamia, hazisomwi.

Kisha mpeni mtu mmoja kazi ya kushika kitabu, asiwe msimulizi. Swali likija ana dakika mbili. Zikiisha, msimulizi anaamua na mshika kitabu anaandika kwenye daftari mstari mmoja, kwa mfano: "Kumsukuma mtu kutoka mtumbwini, tumeamua ni jaribio la nguvu dhidi ya nguvu, kuangalia." Kabla ya kikao kijacho anaangalia na kuwajulisha. Uamuzi wa jana haurudishwi nyuma, aliyekufa amekufa.

Kama kutafuta neno kwenye pdf hakuleti kitu ingawa unaliona kwa macho, pdf yako ni picha zilizopigwa. Tumia faharasa ya nyuma.

Dalili: dadu zinasomwa vibaya

Fupi tu. Katika Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hii, unatafuta namba ndogo: ujuzi wako ukiwa 50, unataka 50 au chini yake, 25 kushuka ni mafanikio magumu, 10 kushuka ni ya hali ya juu. Dadu za asilimia zikitoa 00 na 0, hiyo ni 100, yaani mbaya kuliko zote. Huna dadu ya pande 20? Andika 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, weka kwenye mfuko, chomoa, na urudishe kabla ya kuchomoa tena. Usiporudisha, uwezekano umeharibika. Dadu mbili za ludo haziwezi kushika nafasi ya dadu ya pande 20, kwa sababu zinapenda 7 na haziwezi kutoa 1.

Dalili: kila kikao kinaishia kwa kanuni, na ni watu walewale

Kagua yote ya juu mara moja. Kama hakuna kilichopatikana, kitabu hakina kosa. Pengine mmoja anaona msimulizi anampendelea ndugu yake, pengine mdogo mezani hapewi nafasi ya kuongea mbele ya kaka zake, pengine mtu anadai hela ya kopi. Fungeni kitabu, mzungumze hilo kwa jina lake, ikibidi na mtu wa pembeni mnayemheshimu wote.

Kuna hali nyingine inayojificha humuhumu. Mchezaji anaanza kubishia kila kanuni pale hadithi inapofika kwenye kijiji kilichochomwa, au watu wanaovuka mpaka usiku. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia vita Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu. Aliyekaa mbele yako anaweza kuwa ameyaishi unayoyasimulia, na kubishana juu ya dadu ndiyo njia pekee aliyoipata ya kusimamisha tukio. Kuna chombo chepesi cha kumsaidia, kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos: karatasi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza, yeyote anaigusa, tukio linarukwa, haulizwi kwa nini. Iwekeni kabla ya kikao cha kwanza, na msimulizi awe wa kwanza kuigusa kwa jambo dogo ili wengine wasione aibu.

SIMAMA. Mtu akitetemeka, akilia bila kunyamaza, akipoteza fahamu za mahali alipo, au akianza kusimulia ya kweli ambayo hakukusudia kuyasimulia, mchezo umekwisha kwa leo. Msijaribu kumtibu kwa hadithi. Kaa naye, mpeni maji, asirudi nyumbani peke yake. Kesho, akiridhia, msindikize kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akiwa ni mtoto, mzazi au mlezi wake ajulishwe usiku huohuo.